Abiria Asiyelipa Nauli

Juzi tulipokea mche wa mwembe kutoka ng'ambo ya ziwa, umepandwa katika kopo. Tulipoutua barazani, sisimizi wakatoka udongoni kwa safu. Mama akacheka: "Hawa wamesafiri bure!" Nasi tukacheka. Lakini neno hilo lafaa kufikiriwa.

Yuko sisimizi mwenye kichwa kikubwa, ambaye wataalamu walimwandika kwanza mwaka 1793, kutoka kisiwa cha Morisi. Kundi lake lina malkia wengi, na viota vya jirani havipigani. Nguvu zao zote huwageukia sisimizi wengine. Malkia hana desturi ya kuruka mbali. Kwa miguu, kundi husogea kama mita 50 tu kwa mwaka. Basi, avukaje bahari? Sisi ndio tunaomchukua, katika udongo na mizigo.

Tazameni Laikipia, nchini Kenya. Alifika huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, akawaua sisimizi wenyeji walioilinda migunga kwa kuwauma tembo. Tembo wakaivunja miti, simba wakakosa maficho. Mwaka 2003, katika kila mawindo 100 ya simba, 67 yalikuwa punda milia. Mwaka 2020 yalikuwa 42 tu, na simba wamewageukia nyati.

Yote hayo kwa mdudu mdogo! Sisi wa Kalemie ni watu wa bandari. Tupokeapo mche, tuchungulie kwanza udongo wake. Ule wetu tuliuzamisha katika ndoo ya maji, kopo na yote, kabla ya kuupanda.