Fyuzi Haikatiki Bure

Msomaji, nataka nikuungamie kosa langu, lisije likawa lako.

Mwaka jana nilikuwa nikimpeleka mama yangu Mombasa kutoka Voi kwa gari langu kuukuu. Jua lilikuwa kali, na mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali. Karibu na Mariakani kiyoyozi kikaacha ghafula kutoa ubaridi. Nilitazama kisanduku cha fyuzi, nikaona moja imekatika. Nikatia mpya, nayo ikakatika papo hapo.

"Mwanangu," mama alisema, "twende na joto letu, halitaniua."

Sikumsikia. Kwa huruma, na kwa kujiona mjuzi, nilitia kipande cha waya mahali pa fyuzi. Hatukufika mbali, harufu ya mpira unaoungua ikatujia, na moshi ukafuka katika boneti. Nilizima gari, nikamshusha mama huku mikono ikinitetemeka.

Fundi tuliyempata, mzee mwenye miwani, hakunicheka. "Mwalimu," alisema, "fyuzi haikatiki bure. Umemnyamazisha shahidi kabla hajatoa ushahidi."

Nilikwisha kuihukumu kompresa, na moyoni nilikuwa nikiihesabia mshahara wangu. Yeye hakuhukumu. Alichomoa plagi ya klachi ya kompresa, akatia fyuzi mpya ya ampea 10, akawasha. Ikakatika. Basi klachi haina hatia. Kosa liko njiani. Akaufuata waya kwa kidole, pole pole, mpaka mahali ulipokuwa ukisuguana na chuma, ganda limelika na shaba yagusa bodi ya gari.

Hesabu yake ni nyepesi. Klachi yenye ukinzani wa omu 4, kwa betri ya volti 12, huvuta ampea 3 tu. Lakini shaba igusapo bodi, umeme hurudi betrini kwa njia ya mkato, usipate wa kuuzuia. Hapo fyuzi hujitoa mhanga ili waya zisiungue.

Fundi alikata sehemu iliyoungua, akaunga waya mpya, akaufunga mbali na chuma. Ubaridi ukarudi, kwa gharama ndogo.

Mimi, ambaye kila siku huwakataza wanafunzi kufuta jibu baya kabla ya kujua walikosea wapi, nilifanya neno lilo hilo, na mama yangu amekaa ndani ya gari. Msomaji, kitu kikikuonya, usikizibe kinywa. Kiulize kwanza kimeona nini.