COBOL nikiwa Kismayu

Kazi yenyewe ilitoka Mombasa: programu ya hesabu za ghala, iliyoandikwa kwa COBOL kabla sijazaliwa, na mwenyewe akitaka hesabu zihamishwe bila kupotea hata senti. Mimi niko Kismayu. Vijana wa hapa wanaojifunza kompyuta huanza na Python au JavaScript, na mjini sikumjua mtu aliyewahi kuigusa COBOL. Nilichokuwa nacho ni intaneti na GnuCOBOL, kompaila ya bure inayoigeuza COBOL kuwa lugha ya C kwanza, kisha ndiyo ikatoa programu.

Lugha hii ilianza kubuniwa Marekani mwaka 1959 kwa ajili ya hesabu za maofisini, ikichota mengi kwenye FLOW-MATIC ya Grace Hopper. Umri wake unauona kwenye msimbo wenyewe. Katika mpangilio wake wa zamani, mstari una safu 80 kwa kuwa kadi ya matundu ilikuwa na safu 80. Sita za kwanza ni za namba, kadi zikimwagika zipate kupangwa upya. Nyota kwenye safu ya 7 huufanya mstari uwe maelezo tu, na amri huishia safu ya 72. Miongozo ya zamani hueleza haya yote kwa subira, haidhani kwamba unajua chochote, na naipenda kwa hilo. Ila haikwambii uanze kutafuta wapi hesabu inapokataa.

Vita vya Somalia vya 1991 viliwatawanya Wabajuni, sisi watu wa pwani hii, na jamaa zetu wengi wako Mombasa. Kupitia kwao nilimpata mzee mstaafu aliyeanza kazi hii zama za kadi, akakubali kunifundisha kwa simu. Sharti lake: nimpelekee programu fupi kabisa inayoonyesha tatizo, data iliyoingia na jibu lililotoka, herufi kwa herufi. Nikampelekea. Wateja wote walikuwa wakipata punguzo lililowekewa wanaonunua mzigo mkubwa.

"Usisome maneno, mwanangu," akaniambia. "Soma nukta."

Nukta ilikuwa imekaa baada ya amri ya kwanza iliyo chini ya IF. Nukta hufunga sharti, basi amri ya pili, ile ya kupunguza bei, ikawa inatendeka kwa kila mteja. END-IF, inayofunga sharti waziwazi, ililetwa na kanuni za 1985, na programu hii ni ya kabla yake. Yote hayo yamo kitabuni. Mzee ndiye aliyejua ni ukurasa upi unaonihusu. Ukipita milango ya miamba kule kisiwa cha Chovai, hata ramani ukiwa nayo, bado unamtaka nahodha aliyezoea maji yale.

Kilichonifanya niiheshimu hasa COBOL ni namna inavyotunza fedha. Sehemu iliyotangazwa S9(7)V99 COMP-3 hubeba tarakimu 9 pamoja na alama ya kuongeza au kutoa, zote ndani ya baiti 5. V ni mahali pa nukta ya desimali, ambayo haiandikwi popote kwenye faili. Shilingi 1,250.75 hulala humo kama 000125075, na asiyejua V ataisoma kuwa laki moja na ushei. Lakini senti ni senti kamili. Lugha nyingi za leo, usipoangalia, hutunza desimali kwa hesabu ya mbili mbili, ambamo sehemu moja ya kumi haikai sawasawa, na tofauti ndogo hujikusanya. Waliobuni COBOL waliliona hilo mapema, nami nasema wazi kwamba walifanya kazi ya heshima.

Sasa kila ninachorekebisha nakiachia mistari ya maelezo kwa Kiswahili, yenye nyota kwenye safu ya 7: tatizo lilikuwa nini, mzee alijibuje, na ukurasa gani wa mwongozo unaeleza zaidi. Vijana wawili wa hapa mtaani wameshaanza kuisoma, na maswali yao tunampelekea mzee kwa pamoja, kila moja na programu yake fupi.