Picha za Mombasa na Hewa ya Bahari

Nilipoanza kazi ya uhifadhi ndani ya ngome ya Fort Jesus, mwanzoni mwa miaka ya 1990, picha haikuhesabiwa kuwa mgonjwa. Maabara yetu ya uhifadhi ilikuwa imelelewa na meli. Santo António de Tanna, manowari ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani walipoizingira, ilianza kuchimbuliwa na wapiga mbizi mwaka 1977, na mabaki yake ndiyo yaliyowafunza kazi walionitangulia. Mbao iliyolala chini ya bahari karibu karne tatu waliijua, na kutu waliijua. Picha ilikuwa kitu cha kubandikwa kando ya kitu kingine ili mgeni aelewe anachokitazama.

Mimi nilivutwa na karatasi. Watu wa Mji wa Kale walikuwa wakija na mafurushi yaliyofungwa kwa kitambaa: misahafu, vitabu vya dua, tenzi zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, madaftari ya biashara. Kilichonishangaza, na kinachonishangaza hadi leo, ni kwamba vitabu vya zamani zaidi ndivyo vilivyokuwa na afya. Karatasi ya karne ya 18 iliyoletwa kwa bahari kutoka Ulaya ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Ukiikunja haivunjiki, na wino wa masizi juu yake bado ni mweusi tititi. Lakini daftari la shule la miaka ya 1950, ambamo babu wa mtu alinakili utenzi huohuo, lilikuwa rangi ya chai na linamong'onyoka pembeni ukiligusa tu. Karatasi hiyo ilitokana na miti iliyosagwa, na asidi imo ndani yake tangu kiwandani. Inajila yenyewe.

Siku zile tulidhani kazi ni ya mkono: kusafisha, kuziba tundu, kuimarisha ukurasa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Mkono bado unahitajika. Ila fikra iligeuka, na haikugeuka Mombasa pekee. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lenye makao yake Roma, lilikuwa likiendesha programu ya PREMA kuwafunza watu wa makumbusho ya Afrika kuzuia uharibifu kabla haujatokea. Mwaka 2000 kazi hiyo ikapata makao hapa hapa Mombasa, katika jengo la Mahakama ya Zamani la mwaka 1902, hatua chache kutoka lango la ngome, kwa jina la PMDA, ambalo baadaye lilibadilishwa kuwa CHDA. Wenzetu kutoka nchi nyingi za Afrika wakawa wanakuja kisiwani kujifunza. Somo lililonibadilisha lilikuwa rahisi kulitamka: usianze na karatasi, anza na chumba.

Na chumba cha Mombasa kina mambo. Unyevu wa hewa hapa huvuka asilimia 70 siku nyingi za mwaka, na ukungu huanza kuota karibu na kiwango hichohicho. Mvua za mwaka zikishuka, ukuta wa mawe ya matumbawe unakunywa maji na kuyatoa polepole kwa wiki kadhaa. Wengi waliamini dawa ni mashine ya kupoza hewa. Mashine inayowashwa asubuhi na kuzimwa jioni ni hatari kuliko kuikosa, kwa sababu usiku hewa nzito inarudi na kukuta karatasi na vioo vingali baridi. Feni, nafasi ya vidole viwili kati ya fremu na ukuta, na jicho linalopita kila wiki vimeokoa vitu vingi zaidi kuliko vifaa vyangu vyote vya chuma.

Picha zilikuja mwisho, zikanishika. Mombasa ilikuwa na wapiga picha hodari. N. V. Parekh na studio yake waliwapiga picha wakazi wa kila jamii, waliovaa walivyotaka kukumbukwa. Picha hizo za rangi nyeusi na nyeupe zina chembe za fedha ndani ya utando wa jelatini, na jelatini ikipata unyevu hulainika na kushika chochote kilicho karibu. Adui wake mkubwa hapa kwetu ni kioo cha fremu.

Bibi mmoja wa Mji wa Kale aliniletea picha yake ya harusi iliyoshikana na kioo hivyo. Nililaza fremu chini ya taa, nikainamisha mwanga. Pembezoni palikuwa na mng'ao wa buluu kama wa samaki, fedha iliyopanda juu ya picha. Bega la kushoto lilikuwa limeganda kwenye kioo. Midomo na mashavu yalitiwa rangi kwa brashi, kwa mkono, na rangi hiyo ingeyeyuka ndani ya maji. Zamani wahifadhi wengi wangejaribu kuiloweka mpaka iachie. Niliiacha pale pale kwenye kioo chake, nikaipiga picha kupitia kioo, nikaziba mgongo wa fremu kwa karatasi isiyo na asidi.

Aliponiona naiandikia kadi aliniambia, "Mwanangu, hii haikukaa ukumbini hata siku moja. Ilikuwa ya chumbani." Nikaelewa. Tangu hapo kadi ya kila picha niliyoihudumia, kando ya ukubwa na hali yake, ina mstari unaosema nani anaruhusiwa kuiona. Makumbusho hupenda kuonyesha, lakini mwanamke aliyepigwa picha kwa ajili ya mumewe na dada zake hakupigwa kwa ajili ya watalii, na heshima hiyo ni sehemu ya uhifadhi sawasawa na gundi.

Kisha nikakutana tena na fumbo la madaftari. Picha ya bibi yule ya miaka ya 1950, kwa majeraha yake yote, ina sura kamili. Picha za rangi za wanawe, za miaka ya 1980, zimekuwa nyekundu zote: bahari nyekundu, mbingu nyekundu. Rangi zake hupauka kwa joto hata ndani ya kabati lenye giza. Mbaya zaidi ni albamu zenye kurasa za kunata. Gundi yake inaila picha kwa nyuma na plastiki inaila kwa mbele.

Kwa hiyo nimegeuza mpangilio wa kazi. Sianzi tena na kikongwe. Naanza na kichanga.

Nawe unayesoma, anza leo. Picha zitoe kwenye albamu za kunata. Zikikataa, pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, usivute. Ziweke katika bahasha za karatasi isiyo na asidi, mbali na ukuta wa nje. Andika majina nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Za simu chagua chache, zichapishe. Na wale wazee wanaojua nani ni nani katika picha hizo, waulize mwaka huu.