Pambizo za Ezekieli

Mzee mmoja wa kanisa, mkulima wa mahindi katika Uasin Gishu, ana Biblia ambayo jalada lake limebanduka na kushonwa upya kwa uzi wa gunia. Ukiiweka mezani na kuiachilia, hujifungua yenyewe kwenye Ezekieli, sura ya 38, panapotajwa Gogu wa nchi ya Magogu, yule mkuu atakayeshuka kutoka kaskazini na majeshi yake dhidi ya Israeli. Pambizoni mwa sura hiyo mna maandishi ya penseli. La kwanza ni “Urusi, 1979”, mwaka ambao majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan. Limekatwa kwa mstari. Chini yake pana “Saddam, 1990”, nalo limekatwa. Kisha, kwa mkono uliokwisha kutetemeka: “Urusi tena, 2022”.

Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo, aliwahi kumuuliza, “Babu, mbona umelifuta neno la Mungu?”

“Neno la Mungu sijaligusa, mjukuu wangu,” mzee akajibu. “Nimefuta penseli yangu.”

Jibu hilo lina hekima ambayo wafasiri wengi wenye majina makubwa hawakuijaliwa. Penseli ya mzee ni changa mno ikilinganishwa na pambizo zenyewe. Wakati wa Vita vya Crimea, vilivyopiganwa kati ya 1853 na 1856, Uingereza ilipokuwa ikikabiliana na Urusi, mhubiri Mskoti aliyeitwa John Cumming aliyajaza makanisa na maduka ya vitabu ya London kwa mafundisho kwamba Gogu ndiye Mrusi. Mwaka 1855, Marian Evans, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la George Eliot, alichapisha makala isiyo na jina la mwandishi akimshutumu Cumming kwa kukosa uaminifu kwa ukweli na upendo kwa binadamu. Inafaa wanafasihi wakumbuke kwamba mwanariwaya huyo mashuhuri alianza kwa kumhakiki mhubiri.

Biblia ya Scofield, iliyotoka Marekani mwaka 1909, iliyahamisha mafundisho ya namna hiyo kutoka mimbarani hadi chini ya ukurasa wenyewe, Maandiko juu na tanbihi chini, mpaka msomaji wa kawaida akawa hajui tena mpaka uko wapi. Mwaka 1970 kitabu cha Hal Lindsey kuhusu siku za mwisho kikauzwa kwa mamilioni. Muungano wa Kisovieti ulipokuwa ukidhoofika na Iraki ikaivamia Kuwait, John Walvoord alikirudia kitabu chake cha 1974 juu ya Har–Magedoni na mafuta, kikatolewa upya mwaka 1990 na kununuliwa kwa pupa. Urusi ilipoivamia Ukraine mnamo Februari 2022, Pat Robertson, mhubiri wa televisheni aliyekuwa amekwisha kustaafu, alirejea hewani kusema kwamba Putin anasukumwa na Mungu, na kwamba shabaha ya mwisho ni Israeli.

Cha kustaajabisha ni kwamba sehemu kubwa ya jengo hili inasimama juu ya neno moja. Katika Kiebrania Gogu anatajwa pamoja na neno “rosh”, ambalo maana yake ya kawaida ni kichwa, au kilicho cha kwanza. Kiswahili kinao jamaa zake wa damu waliopitia Kiarabu: rasi inayoingia baharini, rasilimali ya mfanyabiashara, hata rais wa nchi. Je, “rosh” hapa ni sifa ya mtawala, yaani mkuu wa kwanza, au ni jina la mahali? Wafasiri wa Kigiriki wa kale waliliacha kama jina. Jerome, katika Kilatini, akalifasiri kuwa kichwa. Biblia ya Kiingereza ya 1611 ikamfuata Jerome. Ile iliyosahihishwa ya 1885 ikarudi kwenye jina. Kiswahili nacho kimegawanyika vivyo hivyo: Union Version ya 1952 ina jina la mahali, ilhali Biblia Habari Njema ina mtawala mkuu tu. Mzee anasoma ile ya 1952. Laiti angalinunuliwa ile nyingine, huenda penseli ingekosa pa kuanzia. Ama Mesheki na Tubali, waliofananishwa kwa sauti na Moscow na Tobolsk, kumbukumbu za Waashuru zinawaweka katika nchi iitwayo leo Uturuki.

Hata hivyo, kumcheka mzee ni kukosa kumwelewa. Ezekieli mwenyewe alikuwa mateka Babeli, kando ya mto Kebari, akiwahubiria watu ambao mji wao ulikuwa umeteketezwa. Maono yake yaliwaambia walioshindwa kwamba majeshi makubwa nayo yana mwenye kuyapima. Mkulima anayesikia redioni kwamba vita vya mbali vimepandisha bei ya unga wa ngano na mafuta ya kupikia, asiweze kumpigia simu yeyote miongoni mwa wanaovipigana, anahitaji kusadiki kwamba mambo hayo yana mwenyewe. Hitaji hilo ni halali. Hatari huanza pale vita vinapogeuka ratiba. Mtu hangojei gari la moshi huku akiomba lisifike. Na aliyekwisha kuamini kwamba vita fulani ni sharti la kurudi kwa Bwana, ataviombea vikome kwa moyo gani?

Unabii mwingine umo katika Biblia iyo hiyo. Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Sanamu ya mtu afanyaye kazi hiyo, iliyochongwa na Yevgeny Vuchetich, imesimama katika bustani ya Umoja wa Mataifa jijini New York. Ilitolewa zawadi mwaka 1959 na Muungano wa Kisovieti, Gogu mwenyewe. Pambizo ya Isaya 2 katika Biblia ya mzee ni nyeupe kabisa.

Lakini upo ukurasa mwingine ulioandikwa. Tarehe 1 Januari 2008, siku chache baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo wakafia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Wiki hizo mzee hakumtafuta Gogu. Hakuna aliyemsikia akiuliza ni mhuri wa ngapi uliofunguliwa. Alihamia kwenye Maombolezo, na penseli ya pambizo hiyo haikutaja taifa lolote wala mfalme yeyote. Kuna majina saba, ya kwanza tu, ya majirani. Hakuna hata moja lililokatwa.