Jinsi Nilivyoziba Bomba la Maji

Ndugu wasomaji, na ninyi wanafunzi wa zamani mnaolipokea gazeti hili mbali na hapa, nataka kuwasimulia kisa kilichonipata mwaka jana nikiwa Kidato cha Tano. Si kisa cha kujisifu, lakini nadhani kina faida.

Kama mjuavyo, shule yetu hupata maji kutoka chemchemi iliyo juu ya kilima. Maji hushuka yenyewe katika bomba la chuma la inchi mbili mpaka tangi lililo nyuma ya jiko, na zahanati ya misheni hunywa maji ya bomba lilo hilo. Mimi nilikuwa kiranja wa maji. Katika muhula wa pili maji yakaanza kupungua. Tangi lililokuwa likijaa kwa usiku mmoja sasa halikujaa hata kwa siku mbili. Mwalimu wa fizikia akafungua kipande kimoja cha bomba, akatuonyesha ukoko wa kutu na udongo ndani yake. Njia ya maji ilikuwa imebaki nyembamba kama kidole gumba.

Katika chama chetu cha sayansi tulikuwa tumejifunza habari za bomba la mafuta lililopangwa kutoka Kabaale, Hoima, hapa Uganda, mpaka Chongoleani karibu na Tanga, mwendo wa kilomita 1,443. Mafuta yetu yana nta nyingi, nayo yakipoa huganda kama samli asubuhi ya baridi. Kwa hiyo bomba hilo limepangwa kupashwa moto, ili mafuta yasipoe chini ya digrii 50. Hata hivyo nta hupenda kushika mahali palipo baridi ukutani mwa bomba. Dawa yake ni chombo ambacho mafundi hukiita nguruwe. Jina hilo lilituchekesha sana. Wengine husema limetokana na mlio wake kinapokwaruza chuma. Kina mwili wa chuma, visahani vya mpira vinavyobana ukuta wa bomba, na brashi za waya. Hutiwa katika chumba maalum upande mmoja, na mafuta yenyewe hukisukuma kutoka nyuma. Huenda kikikwangua mpaka kwenye chumba cha kupokelea. Wapo pia nguruwe wenye sumaku, wanaopima chuma na kuonyesha mahali palipoliwa na kutu.

Basi nikasema moyoni, "Kwa nini nisitengeneze nguruwe wangu?" Sikumwuliza mtu yeyote. Jumamosi moja alasiri nilikaza matambara yakawa tufe, nikayazungushia waya, nikamchukua kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza anibebee spana. Kule chemchemini nilifungua bomba, nikatia tufe langu, nikafunga. Tukakimbia tangini kulipokea. Tulingoja mpaka jua likazama. Maji yalidondoka kidogo, kisha yakakoma kabisa.

Usiku ule hapakuwa na maji ya kupikia. Kesho yake niliwaona masista wa zahanati wakipanda kilima na madebe, na wagonjwa wakingoja. Mtu mmoja akasema kwamba alimwona yule mdogo akishuka kutoka chemchemini na spana mkononi. Alipoulizwa, hakunitaja. Akaadhibiwa kuteka maji ya jiko asubuhi na jioni. Nami, kiranja wake, nilinyamaza siku mbili. Nilimpita njiani akiwa na debe kichwani, akaniamkia kwa heshima kama kawaida. Maamkio yale yaliniuma kuliko fimbo.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Padre nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini hukuuliza kwanza?" Nikakosa jibu.

Mwalimu wa fizikia alituongoza kulitafuta tufe. Kwanza tulifungua kiungo cha katikati ya mstari. Kilikuwa kikavu, basi tufe lilikuwa juu yake. Tukagawa sehemu ya juu nusu kwa nusu tena na tena. Tulilikuta mahali ambapo fundi wa zamani alitengeneza bomba kwa kipande cha inchi moja na nusu. Mbele yake ukoko uliokwanguliwa ulikuwa umeshindiliwa kama saruji. Makosa yangu yakawa wazi: sikujua upana wa bomba lote, wala sikufikiri uchafu utakwenda wapi.

Mafundi wa mafuta hawafanyi hivyo. Kabla ya kazi huandika katika kompyuta urefu wa bomba, miinuko yake, joto la udongo na tabia ya mafuta. Programu huwahesabia kani ya msukumo katika kila sehemu, kiasi cha nta kitakachoshika, na saa ambazo bomba laweza kusimama kabla mafuta hayajaganda. Yaani hujenga bomba la hesabu wakalijaribu, na likiziba, hakuna anayekosa maji. Tena hutanguliza nguruwe laini wa sponji kabla ya wale wa brashi, na mwingine mwenye bamba la alumini, ambalo likirudi limekunjwa hujua kuna mahali pembamba. Wengine hutiwa chombo cha kutoa ishara, wakikwama wapatikane bila kuchimba ovyo.

Lakini msidhani nasema bomba liachwe. Huko Alaska, katika machimbo ya Prudhoe Bay, bomba moja halikupitishiwa nguruwe tangu mwaka 1998. Kutu ililila kwa ndani, na mwezi Machi 2006 mfanyakazi mmoja akasikia harufu ya mafuta. Galani zaidi ya 200,000 zilikuwa zimemwagika kutoka katika tundu dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nasi tulibadili kile kipande chembamba, tukapitisha sponji ndogo, kisha kubwa zaidi, siku nne mfululizo, huku uchafu ukimwagwa nje ya tangi. Sasa tangi hujaa kwa usiku mmoja, na kila mwisho wa muhula bomba husafishwa.

Nilimwomba radhi yule mdogo mbele ya bweni zima, nikamaliza siku zake za adhabu mimi mwenyewe. Ukiranja nilivuliwa, na ilikuwa haki. Nikijaliwa nitasomea uhandisi. Nanyi wakubwa wetu mnaofanya kazi za mabomba, tafadhali mkipita huku ingieni darasani mtufundishe. Tuna maswali mengi, na safari hii tutauliza kwanza.