Makaa ya Mchuchuma na mashua za Worsley

Mpwa wangu,

 

Ujumbe wako nimeusoma. Wanafunzi wako wamekubana: Mchuchuma kuna makaa ya mawe, Liganga kuna chuma, kote ni huko kwenu Ludewa, mbona viwanda vikaanzia Uingereza? Nawe ukawajibu kwamba wenzetu walituzidi akili. Hapo umewapunja. Mimi nimekula mshahara wa reli maisha yangu yote, na jambo la kwanza ninalouliza juu ya mzigo wowote mzito ni hili: utatokaje hapo ulipo?

Waingereza walikuwa na bahati ya kukuta makaa yao karibu na maji. Ya Newcastle yaliteremka mto Tyne hadi baharini na kufika London kwa meli karne nyingi kabla ya injini ya mvuke. Hata injini yenyewe ilizaliwa mgodini. Ile ya Thomas Newcomen, iliyofungwa karibu na Dudley mwaka 1712, ilikuwa na ulafi wa makaa usiosemeka. Kwingine ingemfilisi mwenyewe. Lakini kazi yake ilikuwa kuvuta maji yaliyofurika migodini, kwa hiyo ilikula chenga zilizokosa mnunuzi, papo hapo.

Wasimulie wanafunzi habari za Worsley, huko huko Uingereza, maana mimi sichoki nazo. Bwana mkubwa mmoja, Duke wa Bridgewater, alikuwa na mgodi uliojaa maji, na mji wa Manchester wenye njaa ya makaa haukuwa mbali. Akachimba mfereji ulioingia hadi ndani ya mlima. Yale maji yaliyokuwa kero yakaujaza mfereji, na mashua nyembamba zikapakiwa humo humo gizani. Mwaka 1761 mashua zikavuka juu ya mto Irwell kwenye daraja lililobeba maji, huku watu wakikodoa macho. Farasi aliyehangaika na tani moja kwenye tope la barabara aliweza kuvuta tani 30 hivi majini. Bei ya makaa Manchester ikashuka karibu nusu.

Sasa linganisha na Uchina, iliyofua chuma kwa wingi Ulaya ikiwa bado nyuma sana. Lakini makaa yake mengi yako kaskazini, kama Shanxi, na mafundi na masoko ya nguo yalikuwa mbali kusini, kwenye delta ya Yangtze. Akili ilikuwapo, mzigo haukuwa na njia.

Usiishie hapo, wasije wakadhani ramani ilifanya kila kitu. Pamba ya Manchester ilipita bandari ya Liverpool, na sehemu kubwa ililimwa na watumwa wa Marekani. Hilo si jiografia, ni bunduki na mnyororo. Na Japani, yenye chuma kidogo sana, iliwasha tanuru za Yawata mwaka 1901 kwa makaa ya Chikuho ya jirani na mawe ya chuma yaliyoletwa kwa meli kutoka Daye, Uchina. Ilijenga kiwanda pale meli inapofika.

Sasa rudi Ludewa. Ziwa Nyasa liko chini yenu na linatoa maji yake kwa mto Shire hadi Zambezi na baharini. Ukitazama ramani unaweza kudhani njia ni hiyo. Livingstone naye alidhani hivyo, hadi maporomoko ya Shire yalipomkwamisha mwaka 1859. Upande wa mashariki ni milima, kisha mamia ya kilomita hadi Mtwara. Mtwara iliwahi kuwa na reli, ila ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Karanga zilipogoma, reli ikang'olewa. Ile ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, tumeisikia kwenye mipango miaka nenda rudi.

Kipindi kijacho wape ramani yenye mistari ya mwinuko, kila mmoja apitishe reli yake kutoka Liganga hadi baharini, na aeleze atavukaje kila bonde. Garimoshi lenye shehena ya chuma halipendi kilima, waambie hilo mapema. Kisha nitumie picha za michoro yao, nami nitaisahihisha kwa kalamu nyekundu.



Mjomba wako