Insha Zangu za Kichina

Mtu wa miaka 74 anaposema kwamba anajifunza Kichina, wenzake hucheka kwanza, kisha humwuliza kama amepata zabuni. Mimi sina zabuni. Nina kitukuu. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, alikwenda China kusoma, akaolewa huko, akajaliwa mtoto wa kiume ambaye sasa ana miaka mitatu na lugha yake ni Kichina. Kiswahili chake ni "shikamoo babu", nacho hukitamka vizuri. Baada ya hapo huendelea kwa lugha ya kwao, nami nikatikisa kichwa mbele ya simu kama mgeni rasmi asiyesikia risala. Nikaona kwamba, maadamu yeye ni mdogo nami nimestaafu, wa kusogea ni mimi.

Hii ni lugha yangu ya nne. Nilianza shule nikiwa na Kisukuma peke yake. Kiswahili nilikikuta darasani na Kiingereza baadaye. Lugha hizo zilikuwa na milango ya kuingilia. Mtoto anayejifunza Kiingereza hukuta baiskeli na daktari wanamsubiri kizingitini. Kichina hakina ukarimu huo. Neno nililolikuta nalijua ni chá tu, yaani chai, ambalo lilitoka kwao likatufikia kwa mzunguko wa Bara Hindi na Uajemi. Hata hivyo Kisukuma kilinifaa mahali nisipotarajia: nacho ni lugha ya toni, tofauti na Kiswahili, na sikio lililokulia humo halishangai kuambiwa kuwa yú, sauti ikipanda, ni samaki, na yǔ, sauti ikishuka kisha kupanda, ni mvua.

Shida ni kuyashika maneno yenyewe. Vitabu vya kujifunzia hutoa orodha: neno huku, maana kule. Orodha naijua. Kwa zaidi ya miaka thelathini katika ualimu, na mwishoni nikiwa mkuu wa chuo, nimewaona wanachuo wakikariri msamiati Jumapili usiku, na ifikapo Jumatano umeyeyuka kama barafu ya samaki pale Mwaloni. Sisemi walikuwa wavivu. Neno lisilo na kazi halikai kichwani, kama kibarua asiyepewa jembe.

Kwa hiyo ninaandika insha. Kila Jumatatu huchagua maneno manane, si zaidi, yanayohusu kitu nilichokiona kwa macho yangu juma hilo. Huyasoma mpaka Jumatano, kisha hufunga kitabu na kamusi, nikaandika ukurasa mmoja kwa kalamu. Neno likigoma kuja, naacha pengo na kuendelea. Pengo hilo hunisumbua usiku kucha, na usumbufu huo ndio mwalimu. Asubuhi hulijaza kwa penseli. Juma linalofuata huandika habari ile ile kwa upande mwingine: kama niliandika nikiwa mnunuzi wa dagaa, sasa niwe mwanikaji. Mara ya pili maneno huja yenyewe. Huandika kwa pinyin, ile hati ya herufi za Kilatini iliyoidhinishwa nchini China mwaka 1958, na zile alama zao halisi huziweka chache tu, zile ambazo mkono umezizoea. Mtu asinicheke, vidole vina umri wao.

Kuna walimu wasemao kwamba kuandika mapema humfundisha mtu kuganda katika makosa yake. Hoja hiyo ina nguvu pale ambapo hakuna msahihishaji. Mimi hupiga picha ukurasa na kumpelekea mjukuu, naye huurudisha umejaa wekundu. Ni jambo la kufurahisha kidogo, baada ya maisha ya kushika kalamu nyekundu, kuiona mkononi mwa mtoto uliyemfundisha a-e-i-o-u.

Ziwa limenipa maneno kuliko kitabu chochote. Sato wetu Wachina humwita luófēiyú. Luó imechukuliwa katika jina la mto Nile, fēi katika jina la Afrika, na yú ni samaki. Yaani jina lenyewe linasema alikotoka. Gugumaji, lile balaa lililotuvamia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuziba fukwe zetu katika miaka ya 1990, wao huliita shuǐhúlu, kibuyu cha maji. Nilipoliandika jina hilo nilikwenda Kirumba kuliangalia upya, na kweli, kikonyo cha jani lake kimevimba mithili ya kibuyu. Nimeishi na mmea ule zaidi ya miaka thelathini bila kuliona umbo lake.

Halafu kuna ngeli. Ama kwa hakika sikutegemea kukutana nazo huko. Kichina hakikubali kuhesabu kitu mpaka utaje aina ya umbo lake. Samaki, mto, barabara na suruali huhesabiwa kwa neno tiáo, kwa kuwa vyote ni virefu. Nyavu, karatasi na meza kwa neno zhāng, kwa kuwa hutandazwa au vina uso bapa. Na katika ukoo ndiyo nilijihisi nyumbani kabisa. Mwingereza ana neno moja tu kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo. Mchina ana jiùjiu, bófu na shūshu, kila mtu na kiti chake. Insha ya ukoo wangu niliiandika kwa saa moja, na hakuna hata neno moja lililonitoka tangu siku hiyo.

Mwezi Machi nilipanga kuandika juu ya jiko. Maneno yalikuwa ya kawaida: moto, sufuria, chumvi, kupika. Nikaandika tā zuò fàn, yeye anapika. Huyo "yeye" alikuwa mke wangu, aliyefariki mwaka 2019. Kitenzi cha Kichina hakibadiliki kwa wakati. Anapika na alipika ni kitu kimoja mpaka uongeze neno la kufafanua. Basi sentensi yangu ilisimama pale bila kusema kama yupo au hayupo. Niliiacha hivyo siku mbili. Siku ya tatu nikafungua kamusi, kinyume cha kanuni yangu. Kulikuwa na sǐ, kufa, neno kavu. Kulikuwa pia na qùshì: qù ni kwenda, shì ni dunia. Nikaandika hilo, kisha nikamaliza habari za chumvi.

Mjukuu wangu alilelewa na bibi yake tangu akiwa na miaka minne. Msiba ulipotokea alikuwa katika mitihani ughaibuni, hakuweza kuja kuzika, na tangu hapo hatukuwahi kulizungumza jambo hilo vizuri. Kwa kawaida hurudisha insha siku hiyo hiyo. Safari hii zilipita siku nne. Ya tano alinipigia, akasema ukurasa una kosa moja tu la toni, na kwamba amemsomea mtoto mara mbili. Kisha akaniuliza bibi alikuwa akitia chumvi kabla ya maji kuchemka au baada. Tulizungumza mpaka salio likaisha, mwanzo kwa Kichina changu cha kuokoteza, kisha kwa Kisukuma.

Juma hili ninaandika juu ya daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye kilomita 3 hivi, lililojengwa na makampuni ya Kichina na kuzinduliwa Juni 2025. Qiáo, daraja, ni neno rahisi. Lakini kitukuu hapendezwi na daraja. Nilipomsimulia jinsi tulivyokuwa tukisubiri kivuko pale Kigongo, saa nzima na zaidi, magari yamepangana mpaka kilimani, aliuliza jambo moja tu: usiku kivuko kilikuwa kikilala wapi? Nanga ni máo. Kulala, shuìjiào, ninalo tangu mwaka jana. La gati bado ni pengo.